Urithi Usioombwa

Msomaji mpenzi, yako mambo mawili ambayo kila mwanadamu hupewa kabla hajaulizwa kama anayataka: jina lake na damu yake. Jina likimchukiza ukubwani, sheria humruhusu kulibadili. Damu haina ruhusa hiyo. Mtu huipokea kama ilivyo, pamoja na mema na maovu yaliyomo, kutoka kwa wazazi ambao nao waliipokea vivyo hivyo kutoka kwa wazazi wao. Katika kurasa hizi nataka kukusimulia habari ya urithi mmoja wa namna hiyo uliopita katika nyumba yetu, na habari ya neno moja ambalo mama yangu aliniambia nikakosa la kumjibu.

Nyumbani kwetu ni Nyakoe, katika nchi ya Wagusii, kando ya barabara kuu itokayo mji wa Kisii kwenda Oyugis na Kisumu. Ni nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai, yenye mvua ya kutosha na watu wengi. Tulizaliwa wanne kwa baba na mama: kaka yangu mkubwa, dada zetu wawili, nami kitinda mimba. Baba alifariki tungali wadogo kwa ajali ya barabarani, na mama alitulea kwa jembe na kwa biashara ndogo ya ndizi sokoni.

Kaka yangu alikuwa mtoto mwenye akili nyepesi. Hesabu ambazo wenzake walizihesabu kwa vidole, yeye alizimaliza kichwani. Lakini alipofika darasa la tano alianza kugeuka. Mwalimu akimwita kutoka nyuma, hageuki. Akiulizwa swali, hujibu swali jingine. Akitumwa chaki, huleta kifutio. Mwisho wa muhula mmoja katika mwaka wa 1997 aliletea mama karatasi ya maendeleo yake, na chini yake pameandikwa maneno mawili tu: "Mtoto hasikii."

Lugha yetu ya Kiswahili ina utajiri mkubwa, lakini katika neno hili ina mtego. Kusikia ni kazi ya sikio. Na kusikia ni kutii pia. Wahenga waliposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakuwa wakimsema kiziwi, walimsema mkaidi. Mwalimu yule aliandika jambo la kweli, lakini alilisoma kwa maana isiyokuwa yake. Kaka yangu alichapwa viboko vingi kwa sababu ya ukaidi asiokuwa nao, wala hapana mtu aliyefikiri kumpima masikio. Mimi mwenyewe, niliyekuwa na umri wa miaka minane, nilijifunza kumwita kwa kumrushia kijiwe kidogo mgongoni, nikadhani kwamba ni mchezo wetu.

Lilikuwako jambo jingine, ambalo nililijua mimi peke yangu. Kila mara alipopata mafua makali au homa ya koo, mkojo wake uligeuka rangi, ukawa kama chai nzito isiyotiwa maziwa. Alinionyesha mara moja tulipokuwa tukikata majani ya ng'ombe, akaniapisha nisimwambie mama, maana aliogopa gharama ya hospitali. Niliapa, nikatunza kiapo changu. Msomaji, katika maisha yangu nimetunza siri nyingi, na hiyo ndiyo ninayoijutia zaidi.

Miaka ikapita. Kaka yangu akawa fundi wa pikipiki pale sokoni, akaoa, akajaliwa mtoto wa kike. Mwaka wa 2014, alipokuwa na umri wa miaka 29, alianza kuamka asubuhi uso umemvimba, na jioni viatu haviingii miguuni. Chakula kilimchukia. Kazi ambayo zamani aliifanya kwa saa moja ilimchukua siku nzima. Nyakoe nzima ikaanza kunena, kama ilivyo desturi ya vijiji vyote duniani mgonjwa asipopona upesi.

Yalisemwa mambo mawili. Wa kwanza walisema kwamba kaka amelogwa, wakamtazama kwa jicho baya mjane mmoja mzee aliyekuwa jirani yetu, ambaye hatia yake kubwa ilikuwa kuishi miaka mingi na kuzungumza na kuku wake. Wa pili walikuwa shangazi zetu. Wao walikumbushana kwamba mwaka wa 1979 mjomba wetu, ndugu wa mama kwa baba na mama, alikufa akiwa kijana wa miaka 22, amevimba uso na miguu vile vile. Wakasema kwamba mama aliileta laana ile kutoka kwao, akaiingiza katika ukoo wa mume wake pamoja na vyungu vyake.

Tulimpeleka kaka hospitali mjini Kisii. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno. Alimpima shinikizo la damu, akachukua mkojo na damu, kisha akaweka kalamu chini akamgeukia mama.

"Mama," alisema, "katika ukoo wenu yuko mwanamume yeyote aliyekufa kijana kwa ugonjwa kama huu?"

Mama alinyamaza kitambo, akataja habari ya ndugu yake.

"Na je, alikuwa akisikia vizuri?"

Mama alimkazia macho daktari kama mtu aliyeona mlango ukifunguka ukutani. "Hapana," alijibu. "Tulikuwa tukimpigia kelele."

Kabla sijaendelea, yanipasa nikueleze kazi ya figo, ili uelewe kwa nini daktari wa mafigo aliuliza habari za masikio. Kila mtu aliyekamilika ana mafigo mawili, nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, na ukubwa wa kila moja hukaribia ngumi ya mwenyewe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji ya damu yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, zikichukua takataka za mwili. Umemwona mtu akichuja chai: maji hupita na majani husalia. Lakini chujio likitoboka, majani huingia kikombeni. Ndivyo ilivyo kwa figo. Utando wake ukidhoofika, chembe za damu na protini, ambazo zingepaswa kubaki, hupita na kupotea katika mkojo. Hapo maji ya mwili hukosa wa kuyazuia katika mishipa, hujikusanya usoni na miguuni, na mtu huvimba. Vichujio vilivyojeruhiwa hupona kwa makovu, na kovu halichuji kitu. Baada ya miaka mingi figo zima huwa kovu.

Kuvimba kwa mafigo kwa namna hii huweza kuletwa na sababu nyingi. Ile ya kaka yangu ni ya kurithiwa. Mwaka wa 1927 tabibu mmoja mzaliwa wa Afrika ya Kusini, Cecil Alport, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika habari za ukoo mmoja wa Uingereza ambao mafigo yao yaliugua na kutoa damu kizazi baada ya kizazi. Matabibu wengine walikuwa wamekwisha kuuandika ukoo ule kabla yake. Yeye alitia mkazo katika jambo ambalo wengi wangelipita bila kulitazama: kwamba uziwi na ugonjwa wa mafigo viliandamana, na kwamba wanaume waliugua vibaya kuliko wanawake na kufa mapema. Ugonjwa huo sasa huitwa kwa jina lake.

Kwa nini figo na sikio viugue pamoja, navyo havikaribiani? Jibu lilipatikana mwaka wa 1990, wataalamu walipogundua jeni inayohusika. Jeni ni agizo dogo lililoandikwa ndani ya chembe za mwili, liuambialo mwili namna ya kutengeneza kitu fulani. Agizo hili huuambia mwili namna ya kusokota uzi mmoja wa protini iitwayo kolajeni. Kwa uzi huo mwili hufuma utando wa vichujio vya figo, na kwa uzi uo huo hufuma utando mwingine ndani ya sikio na katika jicho. Agizo likiwa na hitilafu, uzi huwa dhaifu, na popote ulipofumwa, kitambaa hulegea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba mtoto aliyechapwa darasani kwa kutosikia, na fundi aliyevimba miguu miaka 17 baadaye, walikuwa na ugonjwa mmoja.

Daktari alipima masikio ya kaka, akatazama macho yake, akachukua kipande kidogo cha figo, na baadaye sampuli ya damu ilipelekwa ng'ambo ili kuthibitisha. Lakini siku ile ile ya kwanza alikuwa amekwisha kutwambia alilolidhani, na kwamba kama ni hilo, basi limepita kwa upande wa mama. Tulirudi Nyakoe kwa matatu. Mama aliketi dirishani, amekumbatia mkoba wake, haneni kitu. Tulipokaribia kushuka alinigeukia akasema kwa sauti ndogo, "Basi shangazi zenu walisema kweli."

Msomaji, mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimepewa cheti, nimezoea kujibu maswali ya watoto arobaini kwa siku. Siku ile sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tukashuka. Jibu nililitafuta kwa miaka kadhaa baadaye, na kwa kuwa wewe nawe u katika ukoo, na kila ukoo una jambo lake, nakupa wewe jibu lile lile nililompa mama mwishowe.

Kwanza, tazama namna urithi huu unavyogawanywa. Jeni hiyo hukaa katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja tu, ikiwa pamoja na Y. Mwanamke akiwa na X moja yenye hitilafu, ile nyingine iliyo nzima humsaidia, akaweza kuishi miaka mingi asijue lolote, ingawa naye hayuko salama kabisa, na yafaa apimwe. Mwanamume hana akiba. Apatapo X yenye hitilafu, hana nyingine ya kuegemea. Mama kama huyo, kila achukuapo mimba, humpa mtoto X moja kati ya zake mbili, na hapana ajuaye itakuwa ipi. Ni kama sarafu iliyorushwa gizani. Katika nyumba yetu sarafu ilirushwa mara nne. Kaka yangu alipata ile yenye hitilafu, na mmoja wa dada zangu alipata hiyo hiyo. Dada wa pili nami tulipata nzima. Sikuistahili kuliko yeye. Hatukuwa tumezaliwa, tutastahili nini?

Umeona kwamba nimesema hitilafu, sikusema kosa. Nimechagua neno hilo makusudi, kwa maana kosa lina mkosaji, na mkosaji hutafutiwa adhabu. Mama hakuiumba jeni ile. Aliipokea tumboni mwa mama yake kama alivyopokea rangi ya macho yake. Shangazi zetu waliona njia ambayo ugonjwa uliipitia, na katika hilo macho yao yalikuwa makali. Lakini waliita njia mhalifu. Mto ukifurika, daraja ambalo maji yamepita chini yake halina hatia.

Pili, usidhani kwamba kila kirithiwacho chenye madhara kiliingia duniani kwa ubaya. Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi hii mwaka wa 1949 akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na urithi wa selimundu katika damu yake; lakini katika nyanda za juu zilizo katikati, hata mtu mmoja katika mia ilikuwa vigumu kumpata. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: mtu aliyepewa urithi huo na mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, na malaria ilikuwa nyingi pwani na ziwani. Apewaye na wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Ngao ya mtoto mmoja ikawa jeraha la mwingine.

Mafigo yana kisa kinachofanana na hicho. Mwaka wa 2010 wataalamu walitangaza habari ya jeni iitwayo APOL1. Kazi yake ni kutengeneza protini iliyo katika damu ya mwanadamu, inayoua vijidudu vya namna ya vile viletavyo nagana ya ng'ombe na malale ya watu, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Vijidudu vya malale vya Afrika ya Mashariki vilipata hila ya kuikwepa protini hiyo. Yako mageuzi mawili ya jeni hiyo, na protini itokanayo nayo imeonekana kuweza tena kuviua vijidudu hivyo katika maabara. Lakini apataye mageuzi hayo kwa baba na kwa mama huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua mafigo, ingawa wengi wao hawaugui kamwe. Mageuzi hayo ni mengi Afrika ya Magharibi na kwa wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka huko hadi Marekani. Kwetu Afrika ya Mashariki ni haba zaidi, na kwa Wahabeshi waliopimwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2011 hayakuonekana kabisa. Uchunguzi mwingine wa watu zaidi ya elfu nane wa Nigeria na Ghana, uliotangazwa mwaka wa 2024, ulionyesha kwamba hata urithi wa mzazi mmoja huongeza hatari kiasi.

Watu wa kwetu waliijua mbung'o. Bonde la Lambwe, lililo upande wa ziwa chini ya nchi yetu, lilikuwa makao yake mashuhuri, na si mpaka mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Jaribu kuwaza, msomaji: mzee mmoja wa zamani za kale aliokoka malale kwa sababu ya badiliko dogo katika damu yake, akazaa watoto, akashukuru Mungu. Vizazi vingi baadaye mjukuu wake anaugua mafigo. Utamlaumu mzee yule kwa kuokoka?

Tatu, na hili nalisema kwa ajili ya wale wapendao kuitupia damu mzigo wote: urithi si sababu pekee, wala si sababu ya wengi. Katika miaka ya 1960, tabibu John Kibukamusoke na wenzake wa Makerere walionyesha kwamba wagonjwa wengi waliovimba kwa ugonjwa wa mafigo nchini Uganda walikuwa na aina fulani ya malaria, ile iletayo homa kila baada ya siku tatu. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 waliovimba vivyo hivyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka dawa za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walikuwa wakinunua ugonjwa dukani kwa fedha zao wenyewe. Vidonda vya koo na vya ngozi visivyotibiwa kwa watoto huweza kuyavimbisha mafigo. Na siku hizi shinikizo la damu na kisukari huyaharibu mafigo ya watu wengi, na wengi wao hawajui mpaka wameshachelewa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Kwetu hatuna ugonjwa huu," akajipaka sumu; wala asiseme, "Kwetu upo," akaketi kungoja kufa.

Huenda utaniuliza: ukijua, inafaa nini, ikiwa damu haibadiliki? Nitakujibu kwa mambo yaliyotendeka. Dada yangu aliyeirithi hitilafu ile alipimwa akiwa bado mzima. Mkojo wake ulikuwa na damu isiyoonekana kwa macho. Anameza dawa ya kuteremsha shinikizo, ambayo hupunguza pia uchovu wa vichujio, na mpaka leo mafigo yake yanafanya kazi. Kaka yangu alichelewa. Kwa muda wa miaka miwili alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kila juma, saa nne kila mara. Ndipo nilipopimwa mimi. Ilikuwa lazima ijulikane kwanza kwamba sina urithi ule, maana hapana faida kumpa mgonjwa chujio linalotoboka. Mwaka wa 2016, katika hospitali moja ya Nairobi, figo langu la kushoto lilitolewa akatiwa yeye. Utando wake umefumwa kwa uzi mzima, na ugonjwa wa mwenyeji hauwezi kuufumua. Yeye anatengeneza pikipiki sokoni hadi sasa, nami nafundisha kwa figo moja, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona upungufu. Sikio lake halikurudi. Anavaa kifaa cha kusikilizia, nasi tukimwita hatumrushii vijiwe.

Kujua kulimwokoa na mtu mwingine asiyekuwa wa ukoo wetu. Yule mjane jirani alikufa kwa uzee wake, kitandani pake. Nasema hivi kwa sababu si wote waliojaliwa hivyo. Katika mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na Nyakoe, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto wakisingiziwa uchawi. Ujinga hauishi katika vichwa vya watu ukajinyamazia. Huchukua kiberiti ukatoka nje. Daktari alipoandika jina la ugonjwa wa kaka yangu katika karatasi, mama aliichukua karatasi ile akaenda nayo kwa majirani, nyumba hadi nyumba, akawaeleza kwamba ugonjwa huo umetoka katika damu yake mwenyewe na kwamba hakuna aliyemloga mwanawe. Alijitia mwenyewe aibu ambayo haikuwa yake, ili kumwondolea mwenzake hatari. Mimi sijapata kuona ushujaa upitao huo.

Limebaki jambo moja. Binti wa kaka yangu sasa ana umri wa miaka 16, yumo katika shule ya sekondari kama wewe. Kwa kuwa baba humpa kila binti X yake moja aliyo nayo, na kila mwana humpa Y, hapakuwa na sarafu ya kurushwa kwake: urithi ule anao kwa yakini. Likizo iliyopita tulikuwa tukichuma chai, akaniuliza bila kuinua uso, "Baba mdogo, mimi nitaolewa?"

Nilielewa analoliogopa. Kwa Wagusii, tangu zamani, kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka zizini, yuko mshenga aitwaye esigani, aliyetumwa kuuchunguza ukoo: Je, ni watu wema? Je, mna uchawi? Je, mna maradhi? Nilimwambia hivi: "Akija esigani, usimfiche. Mwambie jina la ugonjwa. Mwambie kwamba wapimwa kila mwaka, na kwamba watoto wako watapimwa tangu utoto, na kwamba dawa ikianza mapema huchelewesha sana madhara. Mwambie pia kwamba kila ukoo aendako una jambo lake, ila wengine hawajaandikiwa karatasi. Mwanamume atakayekimbia kwa kuambiwa kweli, angekimbia siku nyingine kwa sababu ndogo zaidi." Alichuma majani mawili matatu, akacheka kidogo, akasema kwamba kabla ya esigani uko mtihani wa kidato cha nne.

Nami nilimwambia mama hivyo hivyo, kwa maneno mengine, jioni moja jikoni. Nilimwambia kwamba shangazi hawakusema kweli. Walisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ilikuwa imemtesa kuliko uongo mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ndugu yake wa mwaka wa 1979 angaliweza kupona kwa dawa za leo. Nilimjibu kwamba pengine angaliishi miaka mingi zaidi. Alilia kidogo, na mimi nikamwacha alie, maana yale hayakuwa machozi ya hatia. Alikuwa akimlilia ndugu yake, baada ya miaka mingi ya kujililia mwenyewe.

Kijana msomaji, siku moja huenda utakuwa mzazi, au mwalimu, au daktari. Ukiwa mzazi, waulize wazee wako walikufa kwa maradhi gani, ukayaandike majibu, bila kumtafuta wa kumlaumu. Ukiwa daktari, weka kalamu chini umtazame mama wa mgonjwa unapomwuliza. Na ukiwa mwalimu kama mimi, siku utakapotaka kuandika chini ya karatasi ya mtoto kwamba hasikii, simama kwanza nyuma yake, ulitaje jina lake kwa sauti ya kawaida, utazame kama atageuka. Mimi hufanya hivyo kila muhula. Mwaka juzi mmoja hakugeuka. Yuko katika matibabu sasa, na kiti chake nimekisogeza mbele.